Trekta la Tope na Trekta la Matete

Marahaba wote. Na mliosahau kunisalimia nanyi marahaba, najua mtasalimia mkiyasoma haya mbele ya mama zenu.

Nimeona picha mliyotuma kwenye simu. Matrekta mawili madogo yamesimama ubavu kwa ubavu, rangi moja, taa zilezile, hata viti vimechanika mahali pamoja, nanyi mnauliza swali moja tu: "Bibi, tuchukue lenye farasi wachache au lenye farasi wengi?" Farasi! Nani kati yenu ameshamwona farasi hapa Morogoro? Mimi nimefika uzee huu, farasi nimemwona kwenye kalenda. Lakini kila kijana anayetaka trekta anaanza na farasi, utadhani anakwenda kufuga. Tulieni. Nitawajibu, ila kwa njia yangu, na mwenye haraka atangulie, tutamkuta mtaroni.

Shule yangu iliishia darasa la nne kule Mgeta, na Mgeta si mahali pa kumfundisha mtu trekta. Shamba la mama yangu lilisimama wima kama ukuta. Tulipanda kabichi tukiwa tumejishikiza kwa vidole vya miguu, na kabichi likikuponyoka unalifuata chini kabisa yanakopakia malori ya Dar. Nilipoteremka kuja Turiani kukata miwa kwenye shamba kubwa la sukari, nilishangaa kuona ardhi imelala. Wakatangaza kwamba wanawake wanaotaka kujifunza kuendesha trekta wajiandikishe. Nilijiandikisha kwa sababu ya kiti. Mkata miwa hakai, dereva wa trekta anakaa. Msije mkasikia watu wakisema bibi yenu alikuwa mwanamapinduzi. Miguu ilikuwa inauma.

Aliyenifundisha ni fundi wa karakana, Maganga, Mnyamwezi. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na vijana wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Mtani ni mtu anayeweza kukwambia ukweli wako msibani na usiwe na haki ya kukasirika. Siku ya kwanza Maganga aliitazama suruali niliyoivaa chini ya gauni, akasema, "Waluguru wamechoka kuanguka milimani, sasa wameleta wanawake waje kuangusha matrekta ya serikali."

Nikamwambia, "Na ninyi mlitembea kwa miguu kutoka Tabora na mizigo ya watu kichwani. Leo umelipata gurudumu, unajiona."

Akacheka mpaka akaweka spana chini. Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Alinifundisha vitu ambavyo hata leo mkono wangu unavifanya wenyewe. Kwamba kabla hujaliwasha trekta unalizunguka lote, unainama, unatazama chini kama kuna tone la mafuta, kama unavyomtazama mtoto anayechechemea. Kwamba mlima unaushuka kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Mwenzetu mmoja alishuka na tela la miwa gia ikiwa huru, apate kuokoa dizeli. Tela likampita, likatangulia kumsalimia msimamizi wa zamu. Dereva alipona, miwa ikawa ya watoto wa kijiji kizima. Na kwamba trekta, alisema Maganga akijipiga nyuma, "halivuti kwa injini, mtani. Linavuta kwa makalio." Maana yake, hata uwe na injini kama ya meli, kama magurudumu ya nyuma hayana uzito yatazunguka mahali pamoja na kuchimba kaburi. Ndiyo maana shambani kwa miwa tulikuwa tunajaza maji ndani ya tairi za nyuma. Trekta likawa zito, likashika ardhi, likavuta. Hilo shikeni, lakini msilishike sana. Nitawaambia kwa nini.

Ikaja ile miaka ya kufunguliwa biashara. Kila kitu ruksa. Nguo za mitumba, redio, sabuni zenye harufu, na shamba letu la sukari likaanza kuambiwa kwamba lina watu wengi kuliko miwa. Tukapunguzwa. Wengine walikwenda kuuza nyanya Mwembesongo, mjini Morogoro, wengine walirudi kwao. Sisi wanawake wachache wa matrekta, pamoja na Maganga, tukasema kazi yetu haikupunguzwa, tumepunguzwa sisi tu. Tukaunganisha viinua mgongo vyetu tununue trekta moja dogo tulimie watu mpunga kwa kukodisha. Na mkulima mmoja akaomba kuingia nasi. Huyo alikuwa Bi Mwantumu, bibi yenu wa upande wa pili.

Kwa wasiomjua: Bi Mwantumu alikuwa Mzigua wa hapahapa Turiani, na binti yangu ameolewa na mwanawe. Mimi wa rozari, yeye wa tasbihi, na ninyi wajukuu mnajua wenyewe mnavyokula sikukuu za pande zote mbili bila aibu. Alikuwa mwembamba, mrefu, anatembea na mwavuli hata kukiwa na mawingu. Alikuwa na shamba la mpunga bondeni, la upande wa mama zake. Mumewe alipofariki na wanawe wakaenda mjini, mgongo ukamshinda, shamba likalala. Matete yakaota mpaka ukisimama ndani huonekani. Serikali ya kijiji ikamwambia wazi: ardhi isiyolimwa atapewa anayeweza kulima. Kulikuwa na mtu mgeni ameshaomba. Mwenyekiti akampa Bi Mwantumu muda mpaka mvua za masika zichanganye. Basi Bi Mwantumu akang'oa mabati ya nyumba aliyokuwa ameanza kujenga, akayauza, akaleta fungu lake kwetu, akasema: trekta likija, lianze kwangu. Tukakubali. Kwa hiyo tulipokwenda kuchagua trekta, sisi wengine tulikuwa tunachagua kazi, yeye alikuwa anachagua kama atabaki na shamba la mama yake au atakuwa anapita pembeni yake akimsalimia mtu mwingine ndani.

Matrekta ya mtumba yalikuwa yadi moja, Mwembesongo. Mwenye yadi alikuwa kijana wa maneno mengi, shati limechomekewa.

"Karibuni mama zangu. Haya mawili ni mapacha, tofauti yao nguvu tu. Hili farasi wachache, lile farasi wengi. Mkichukua dogo mtakuja kunililia hapahapa."

Mimi nilikwenda moja kwa moja nikaweka kiganja juu ya injini. Ya moto.

"Kijana, hili limeamka saa ngapi?"

"Nani, mama?"

"Trekta. Tumekuja kuliona likiamka, nawe umeshaliamsha."

"Aa, nililisogeza kidogo tu, mama, lilikuwa juani."

"Basi leta kigoda. Tutakaa mpaka lipoe."

Tukakaa, tukanywa chai na maandazi, likapoa, ndipo nikaliwasha. Wajukuu zangu, injini yoyote inawaka ikiwa na joto. Mgonjwa unamjua asubuhi. Na ile saa inayoonyesha trekta limefanya kazi muda gani msiiamini, inarudishwa nyuma kwa bisibisi. Tazameni mpira wa pedali ya klachi. Mguu wa mtu hauongopi: kama saa inasema trekta ni kijana na mpira umelika mpaka chuma kinang'aa, mmeletewa mzee aliyepaka piko. Tazameni na matundu ya kufungia tela nyuma, kama yamekuwa mapana limekokota sana.

Yale mawili yalikuwa mazima. Tukayafungua vifuniko na Maganga. Gia zilezile, tairi zilezile, mikono ya kunyanyulia jembe ileile. Mwili mmoja, kifua tofauti: lile kubwa lilikuwa na pistoni moja zaidi, na pua yake imezidi kiganja kimoja mbele. Basi. Mimi moyo wangu ulienda kwa dogo, kwa sababu lilikunywa dizeli kidogo na spea zake zilikuwa zimeanza kupatikana mjini.

Bi Mwantumu alikuwa amesimama na mwavuli wake, karibu nami kiasi cha kumkanyaga khanga. Lakini hakusema nami. Alisema na Maganga.

"Mwambie mkwe wangu mimi nalitaka lile kubwa. Shamba langu ni gumu."

Nami nikasema, "Maganga, mwambie mkwe wangu nimemsikia."

Nisingeweza kusema zaidi. Kwetu mtu habishani na mkwe. Binti yako yuko nyumbani kwake, na neno lolote baya utakalomwambia mkwe mchana, binti yako atalikuta ndani ya chungu jioni. Tuliheshimiana vile tangu siku ya mahari: kichwa chini, maneno machache, kila mtu na kigoda chake. Lakini kwa heshima hiyohiyo tulikuwa tunaelekea kununua trekta ambalo nusu yetu hatulitaki.

Maganga akawa katikati anageuza shingo. "Mimi sasa nimekuwa posta?" Kisha akamgeukia Bi Mwantumu, maana Wazigua nao ni watani wake. "Wewe Mzigua unataka kubwa kwa sababu umezoea kujivutia sinia zima."

Bi Mwantumu hata hakutabasamu. "Na wewe Mnyamwezi unataka dogo upate kulibeba kichwani."

Kijana wa yadi alicheka mpaka akasahau kutudanganya. Akasema ana wateja wengine Turiani, atayapakia yote mawili kwenye lori, tuyajaribu kwenye shamba lenyewe, tutakalolikataa atalipeleka kwa wengine. Hilo nalo liandikeni: msijaribu trekta kwenye sakafu ya yadi. Kwenye sakafu hata toroli ni trekta.

Maganga alitangulia na lori. Tulipofika bondeni asubuhi yake tukamkuta ameshajaza maji tairi za nyuma za yote mawili. Hakumwuliza mtu, wala hakuna kati yetu aliyeshangaa. Watu wote wa miwa tungefanya vilevile. Kwetu trekta lisilo na maji tairini lilikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu.

Akapanda lile kubwa, akaingia jarubani, ndani ya kitalu cha mpunga. Likaenda hatua chache, likapiga magoti, likakaa kwa tumbo. Nikapanda dogo nikaenda kulivuta. Nalo likakaa. Yakabaki yanatazamana pua kwa pua ndani ya tope, hayasemeshani.

"Kama wakwe," Maganga akasema.

Bonde lote likaangua kicheko, watu walikuwa wamejaa kwenye matuta kama kwenye mpira. Aliyekuwa hacheki ni Bi Mwantumu. Alikuwa anayatazama matete yake. Mwenyekiti alikuwa ameshatuma neno kwamba atakuja na yule mgeni kulikagua shamba kabla ya wiki kwisha, na mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha juu milimani.

Akafunga mwavuli. Akapandisha khanga, akashuka kwenye tope, akaja mpaka kwenye trekta langu.

"Mkwe," akaniambia. Mimi mwenyewe, si Maganga. "Mmeyajaza maji mkayaleta kwenye maji?"

Akanyanyua mguu mmoja kutoka kwenye tope.

"Tazama ninavyotembea. Sikanyagi kwa kisigino. Na mwenye mzigo kichwani hapiti hapa, anazunguka. Toeni hayo maji."

Tukayatoa. Majirani wakaleta mbao na magogo, tukayanasua moja moja huku tukijipaka tope mpaka kope. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miwa haikunifundisha. Plau, lile jembe la kupindua udongo, linakurudisha nyuma, ndiyo maana linataka trekta zito. Lakini kwa mpunga tulifunga rotaveta, lile jembe lenye visu vinavyozunguka, na visu vile vikizunguka vinakusukuma mbele. Trekta linataka wepesi, liogelee. Makalio ya Maganga yalikuwa kweli, ila yalikuwa kweli ya shamba lingine.

Maganga, kwa kuwa mtani hakubali kushindwa bila kuuma, akasema, "Haya, Mzigua. Kama tope unalijua kuliko sisi, panda wewe."

"Napanda."

"Kwa khanga?"

Hapo nikaingia mimi. Visu vya rotaveta havina mzaha. Nguo inayoning'inia ikishikwa, inakuvuta na wewe. Msisimame nyuma yake, na mwenye kanzu, khanga au skafu asikaribie, hata awe nani. Nikampeleka mkwe wangu nyuma ya matete, nikavua suruali yangu ya kazi, nikampa, mimi nikajifunga khanga yake. Suruali ilimfika kwenye muundi. Alipotokea, wanawake waliokuwa kwenye tuta walishindwa wacheke au wafunike macho. Mtu na suruali ya mkwewe! Yeye akapanda kama anapanda kitanda chake.

Nilitembea upande wa pua, mbali na visu, nikimwelekeza: klachi polepole, mkono wa mafuta hapa, usilikatishe kona kabla hujanyanyua jembe. Alianza na kubwa. Kwenye matete ya juu lilikula kama ng'ombe, mizizi ikarushwa huku na huku, na kijana wa yadi akapiga makofi. Lakini alipofika kona ya chini, panapotoka chemchemi, ile pua ndefu ikainama, ikaanza kunywa. Tukalinasua tena.

Akapanda dogo. Kona ya chemchemi likapita linapiga kelele nyembamba, linayumba kama bata, likatoka ng'ambo. Watu wakashangilia. Akalipeleka juu kwenye matete. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, mizizi ikajisokota kwenye visu, likazima.

Basi tukawa palepale. Kubwa linaweza juu, haliwezi chini. Dogo linaweza chini, haliwezi juu. Kila mtu akaanza kutoa yake. Kijana anasema kubwa, Maganga anasema tufunge kubwa magurudumu ya chuma, wenzangu wanasema tulale tufikiri. Nami nilikuwa nakwangua tope kwenye khanga ya mkwe wangu, si kwa usafi, kwa kuwa sikujua.

Bi Mwantumu alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha dogo, tope limemkaukia mikononi. Akayatazama matete, akaitazama kona ya chemchemi. Akasema taratibu, kama anahesabu watu wa kulisha:

"Matete nina panga. Nina majirani. Tope nina nini?"

Akashuka. "Tunachukua hili."

"Lakini mama, halina nguvu," kijana akasema.

"Nguvu ya matete ninayo mimi."

Wajukuu zangu, katika miaka yangu yote ya matrekta sikusikia maneno ya kuyapita hayo. Msichague trekta kwa kazi linayoiweza zaidi. Chagueni kwa kazi ambayo mikono yenu haiwezi kulisaidia. Mkiwa na shamba la juu, kavu, lenye visiki na watu wa kufyeka hawapo, chukueni farasi wengi na wala sitawacheka. Mkiwa na tela la kupandisha mlima, tazameni uzito na breki kwanza, farasi baadaye. Picha yenu haina jibu, kwa sababu hamkupiga picha ya shamba. Ingieni jarubani bila viatu, mniambie tope limewafika wapi mguuni.

Lile shamba liliishia hivi. Bi Mwantumu aliita watu, kwa desturi ya kualikana kulima. Akapika wali na maharage sufuria kubwa, wakaja na mapanga yao, Maganga akiwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuuliza chakula kiko wapi. Wakafyeka, wakang'oa mizizi, wakachoma. Trekta dogo likapita nyuma yao. Mimi na mkwe wangu tulipokezana usukani, na suruali, mpaka tukaacha kujali ni ya nani. Tulipopumzika alisogeza kigoda chake kikagusana na changu, akanimegea wali kutoka sahani yake.

Mwenyekiti akaja kweli, na yule mgeni. Alikuwa kijana mwenye adabu, buti mpya za mpira miguuni, jembe begani lina lebo ya dukani bado. Wakasimama kwenye tuta. Mbele yao hakukuwa na tete hata moja; maji yametulia juu ya tope laini kutoka kona hadi kona, na Bi Mwantumu yuko juu ya trekta anamalizia pale kwenye chemchemi.

Mwenyekiti akakohoa. "Bi Mwantumu. Naona umelima."

"Nami naona umeona."

Yule kijana alilitazama shamba muda mrefu, akalitazama trekta muda mrefu zaidi. Akashusha jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hilo trekta mnakodisha?"

"Tunakodisha."

"Basi na mimi naomba unilimie."

Bi Mwantumu akazima injini, bonde likanyamaza. Akamtazama kuanzia buti mpaka usoni, kwa upole kabisa.

"Nitakulimia, mwanangu, tena wewe utakuwa wa kwanza. Nenda katafute shamba."